Rudisha Mistari Myeusi

Kaka yangu, Baba Salma,

Kile kioo cha video cha gari lako kiko mezani mbele yangu, na pembeni yake nimeweka nyundo. Gari limekunjwa kama karatasi, lakini kioo hakina hata mkwaruzo. Leo asubuhi Mama Salma, akiwa ndani ya eda, alinikabidhi kupitia dirishani. "Shemeji, kivunjevunje. Hicho ndicho kilichomuua mume wangu." Nikaitikia na kukibeba. Kabla sijanyanyua nyundo nakuandikia, na kesho nitaisoma barua hii mbele ya watu watakaokuja kwenye arobaini yako, kwa sababu uongo wangu niliusema mbele ya watu.

Unalikumbuka banda la video la Newala? Televisheni ilikuwa ya zamani, ya chogo, kioo karibu mraba, nasi tumekaa juu ya magunia ya korosho. Shujaa wa filamu alisimama katikati ya uwanja, mara mkuki ukamzama kifuani, na aliyeurusha hakuonekana. Ukasema ni jini. Nikasema kuna mtu amesimama pembeni, kioo kimemkata.

"Umemwona?"

"Sijamwona, lakini yupo."

"Basi nyamaza."

Sikunyamaza. Tulipigana kutoka bandani hadi mlangoni kwetu. Ukaning'oa jino la mbele, nikakung'ata sikio nisiliachie, mpaka mama akatumwagia ndoo nzima ya maji aliyopanda nayo kutoka bondeni. Kisha akatuchapa wote wawili, si kwa sababu ya jino wala sikio, kwa sababu ya maji.

Miaka mingi baadaye ukanunua gari la watu saba, ukafunga kioo kwenye dashibodi, ukawa unabeba wageni wa harusi na wanunuzi wa korosho kati ya Masasi na Newala. Siku moja tukitoka Nanganga ukaweka filamu ile ile, safari hii nzima, kama ilivyopigwa: mstari mweusi juu, mstari mweusi chini, na katikati picha pana. Pembeni kabisa alisimama mtu na mkuki wake. Nilipiga dashibodi kwa ngumi. "Mwone yule!" Ulicheka hadi ukalazimika kuegesha gari. Ukaniambia, "Nisamehe jino, mdogo wangu." Sijawahi kushinda mabishano matamu kama yale, na ushindi ule ndio ulionilevya.

Wateja wako waliichukia mistari. "Bosi, kioo kikubwa hivi, picha nyembamba kama mkanda wa suruali?" Ukawa unabonyeza, picha inajaa kioo, kingo zinakatwa. Au unaivuta juu na chini, nyuso zote zinarefuka kama za punda. Wao wakaridhika. Mimi nikawaka. Nilikuwa nimesoma vitabu vya kutosha kujua kwamba filamu ya sinema ni pana kuliko kioo kile, na kwamba ukitaka kukijaza lazima umtupe mtu nje. Nikahubiri vibarazani kwamba kila mwongo wa nchi hii anafanya kazi hiyo hiyo: anakuonyesha katikati, anakata pembeni, kisha anakusifu kwa kuona vizuri. Na bado nalisema hilo, sifuti hata neno. Kwenye harusi ya Kitangari nilimzaba kofi mjomba wa bwana harusi aliyeniita mtetezi wa mistari myeusi ya bure.

"Umempiga mtu mzima kwa sababu ya mistari?" ukaniuliza njiani.

"Kwa sababu ya ukweli."

"Ukweli wako una mikono mirefu, msomi."

Siku yenyewe tulikuwa wawili tu. Tulishusha watu Newala, tukaanza kuuteremka ukingo wa uwanda kurudi Masasi. Wateja walikuwa wameiacha picha imejaa kioo. Nikakuambia, "Rudisha mistari."

"Subiri tumalize mteremko."

"Rudisha sasa hivi. Au unawaogopa wateja walioshuka?"

Ukacheka. "Wewe mtu utaniua." Ukanyoosha mkono, ukainamisha macho kutafuta kitufe. Lori la magunia likatokea kwenye kona. Ulikata usukani kunikwepesha mimi niliyekaa kushoto, ukaupeleka upande wako kwenye jabali. Vioo vilitumwagikia. Usukani ulikuzama kifuani, mbavu zako nikazisikia zikivunjika moja baada ya nyingine, na damu ikanirukia mdomoni. Na kioo kile kiliendelea kuonyesha watu wakikatana mapanga. Juu mstari mweusi, chini mstari mweusi. Ulikuwa umebonyeza, kaka. Ulinitii.

Askari wa barabarani akaniuliza ilikuwaje. Nikasema, "Alikuwa anachezea kioo."

"Peke yake?"

"Peke yake. Mimi nilikuwa nimesinzia."

Ukakata roho kabla hatujafika hospitali ya Ndanda. Tangu siku ile unaitwa dereva mzembe. Salma ameambiwa hivyo na wenzake shuleni, akarudi nyumbani na nguo zimechanika kwa kupigana. Ni damu yetu.

Msibani mtani wetu Mbaraka alifanya kazi yake kama watani wafanyavyo. Alijifunga kipande cheusi cha kaniki kwenye paji la uso na kingine kidevuni, akashika ungo kama usukani, akaziba njia ya jeneza. "Piii! Kaeni vizuri, abiria! Mdogo wangu msomi anataka mistari! Haya bwana mkubwa, narudisha, narudisha... paa!" Akajibwaga chini miguu juu. Watu walicheka katikati ya kilio. Hata sauti ya Mama Salma niliisikia ikicheka ndani. Mbaraka hakujua lolote. Aliigiza ugomvi wetu ambao mji mzima uliujua. Nami nilimrukia, nikamkalia kifuani, nikampiga mpaka mdomo ukapasuka. Wazee wakanivuta. "Mtani hapigwi msibani! Una wazimu?" Wakanitoza kuku na mbuzi, wakadhani ni uchungu wa ndugu. Mbaraka peke yake, akitema damu, alinitazama muda mrefu.

Sitakivunja kioo hiki, kaka. Chenyewe hakikusema neno siku ile. Kesho nitasimama chini ya dirisha la Mama Salma, askari yule nimemwomba aje, Salma akae mbele, nami nitasoma hadi mwisho. Kisha Mbaraka ataigiza tena. Nimemwomba arudie, na safari hii kiti cha kushoto nitakikalia mwenyewe, niseme maneno yangu kwa mdomo wangu. Akitaka kunipiga, mikono yangu itakuwa nyuma.

Uliniuliza bandani kama nimemwona yule mtu wa pembeni. Nimemwona.

Lala salama, dereva makini.

Mdogo wako wa kiti cha kushoto