Maharagi ya Bwana Mbio

Goma, Jumamosi, mwezi wa kumi na moja, 1955

Muchana mvua imepiga, kisha jua likatoka, na sasa mawe meusi ya uwanja wetu yanatoa mvuke kama sufuria. Nguo zangu zinanuka moshi. Nimechoka, lakini ni uchovu mutamu. Nimekaa mulangoni nikicheka peke yangu kama mutu aliyekunywa.

Deo hakufukuzwa.

Naandika tena, kwa sababu inanipendeza kuiona: Deo hakufukuzwa.

Deo ni mwanangu wa kwanza. Ndiye magazinye wa kampuni ya kahawa, anashika funguo za depo ya chakula na kila Jumamosi anawagawia wafanyakazi posho: bunga, maharagi, samaki wadogo wa ndagala, mawese, chumvi. Kifaransa anakiandika bila kuinua kichwa. Simusifu kwa sababu ni wangu. Hata mapadri waliomufundisha walimusifu, nikawaambia wamechelewa, mimi nilijua tangu nikimubeba mugongoni.

Jumamosi iliyopita alikataa kugawa maharagi.

Mukubwa wa kampuni, ambaye sisi tunamwita Bwana Ndevu, alikuwa amesafiri Bukavu. Kazi aliiacha kwa musaidizi wake, Muzungu kijana tunayemwita Bwana Mbio kwa namna anavyotembea. Huyo akanunua, sijui wapi, magunia ya maharagi ya zamani, yametobolewa na wadudu, yananuka kama nyumba iliyofungwa. Deo alifungua gunia moja, akaingiza mukono, akalifunga tena. Akamwambia kwamba hicho si chakula cha kumupa mutu anayebeba kahawa tangu asubuhi. Bwana Mbio akamujibu kwamba matumbo ya watu weusi ni magumu, na Bwana Ndevu akirudi ataambiwa atafute magazinye mwingine.

Na nyumba hii tunamolala ni ya kampuni. Kazi ya Deo ikienda, nyumba inaifuata, na sufuria zangu zinakaa barabarani.

Lakini kilichoniuma zaidi ni kambi yetu ya wafanyakazi. Watu walirudi kwao bila maharagi, na hasira yao haikwenda kwa yule aliyenunua mabaya. Ilikuja kwa yule aliyefunga mulango. Jumatatu tukichota maji ziwani, Mama Feza, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka Gisenyi:

"Kuna watoto, wakipewa funguo wanasahau kwamba walikimbia hapa bila kaptula. Mama Deo, umwambie Muzungu wako mweusi kwamba kwangu wanakula bunga na chumvi."

Nikamujibu, "Muzungu wangu mweusi amekuokoa usishinde porini unashika tumbo. Utamushukuru ukipata nafasi."

Wanawake wakacheka. Mpaka leo sijui walimucheka nani.

Baba yake Deo alimushauri aende kuomba musamaha, maharagi yagawiwe, yaishe. Deo alikula, akanawa mikono, hakwenda. Mimi nilizunguka kambi nikijisifu kwamba mwanangu haogopi mutu. Mudomo wangu ulikuwa na nguvu. Usiku nilihesabu sufuria zangu.

Juzi tukasikia Bwana Ndevu amerudi. Nikamwambia Deo aniletee kidogo ya yale maharagi. Nikayaloweka. Jana nikayapika kutwa, na leo tena tangu kabla ya jua. Nikatia maji ya majivu ya ndizi, ambayo yanalainisha hata kisichotaka. Kuni zangu zimekwisha. Maharagi yakabaki changarawe.

Nikajitwisha sufuria, nikaenda nayo depo.

Watu walikuwa wamejipanga kungoja posho. Bwana Ndevu amesimama kwenye ngazi, Deo pembeni yake na funguo mukononi, na Bwana Mbio anaeleza kwamba chakula ni kizuri, ni magazinye tu anayetaka kuwa bwana. Nikapita katikati ya watu. Nikapakua sahani moja, nikamupelekea Bwana Mbio kwa mikono miwili, kwa heshima, nikipiga goti kidogo.

Nikasema, "Bwana, kwetu anayetoa chakula ndiye anaanza kuonja, ili mugeni ajue hakuna sumu. Hiki wewe ndiye umekitoa. Karibu."

Akacheka. Akasema amekwisha kula. Hakuna mwingine aliyecheka.

Bwana Ndevu ni muzee wa Kivu hii, amekunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kwenye nyumba nyingi, desturi hiyo anaijua. Akamugeukia musaidizi wake. Kisha akachukua sahani yeye mwenyewe, akatia kijiko mudomoni. Akatafuna. Tulisikia meno yake. Akatema katika kitambaa.

"Mama, umeyapika vizuri?"

"Bwana, waulize hawa wote kama kuna mwanamuke hapa anayenishinda kupika maharagi."

Wanawake wakatikisa vichwa: hakuna. Hata Mama Feza.

Basi Bwana Ndevu akasema magunia yote yarudi kwa mutu aliyeyauza. Watu wakapewa bunga zaidi na ndagala zaidi leo, na maharagi mapya yatafika. Deo ataendelea na funguo. Na tangu sasa, kila Jumamosi posho itapikwa kidogo mbele ya depo, na yule aliyeinunua ataanza kula mbele ya watu.

Kwa Deo hakusema asante. Niliingoja.

Alisema pia kwamba hakujua. Sawa, alikuwa mbali. Lakini mimi nikienda Rutshuru kusalimia ndugu, nikirudi sisemi sikujua watoto wamekula nini. Nauliza kabla sijaondoka. Kampuni ilikuwa yake hata akiwa Bukavu. Na siku atakaporudi Ulaya moja kwa moja, nani ataonja? Hilo linanisumbua kidogo, lakini leo nimelipa ruhusa likae nje.

Mama Feza amekuja jioni hii na kibuyu cha kasiksi. Hakuomba radhi, si mutu wa maneno hayo. Amekaa, amekunywa kwanza yeye, akapanguza mudomo wa kibuyu, akanipa. Nikanywa. Akasema Deo amefanana na mimi. Nikamwambia kila mutu anasema hivyo.

Mwanangu amelala ndani, viatu bado miguuni. Sitamuamsha.

Wamenichagua mimi kupika Jumamosi ijayo. Maharagi yatakuwa mapya, najua, lakini sahani ya Bwana Mbio nitaijaza mpaka ukingoni, na nitasimama hapo mpaka amalize.