Mstari Niliouruka

Ijumaa, 8 Februari 1974

Leo tena bila umeme. Siku zetu za umeme ni Jumatatu hadi Jumatano tu, serikali imeamua hivyo kwa sababu ya uhaba wa makaa ya mawe. Sisi wa chumba cha kusahihisha tunakuja hata hivyo, maana mdomo hauhitaji waya. Bwana Dodd amewasha karabai. Nimesoma kwa sauti kutoka saa tatu hadi saa kumi. Orodha ya bawaba na vitasa. Ratiba ya mashindano ya njiwa. Kadi mbili za harusi.

Nadhani hakuna mtu Birmingham nzima anayesema maneno mengi kwa siku kuliko mimi, na hakuna hata moja lililo langu. Ndiyo kazi. Nashika karatasi ya mteja, nasoma kila neno, kila mkato, kila nukta, na Bwana Dodd anafuata kwenye prufu, ile chapa ya majaribio, na kalamu yake. Asichokisikia kwangu, kwake hakipo. Mwaka wa tano huu.

Jana wametangaza uchaguzi. Bosi anasugua mikono. Tutachapa karatasi za wagombea wote, anayetupenda na asiyetupenda.

Baba kala uji nusu bakuli. Tangu kiharusi kimpate hajatamka neno. Mchana hukaa naye Mama Jasbir, jirani wa chini, mama wa Kikalasinga aliyetoka Nairobi. Humwongelesha Kiswahili chake, na Baba humfuata kwa macho. Mimi nikirudi sauti imekwisha. Tunakaa wawili kimya, hita ya mafuta ya taa inanuka.

Jumamosi, 9 Februari

Barua ya mume wangu Salim. Ukurasa mmoja. Zamani zilikuwa sita.

Kapewa ualimu mkuu, shule mpya huko Voi, na nyumba ndani ya uwanja wa shule. Lazima atie sahihi kabla ya Pasaka, miaka mitano. Mwisho kaandika: Nikubali?

Sijui nimjibu nini. Tumeoana tangu mwaka sabini na moja, nilipokwenda Mombasa likizo na Baba bado anatembea. Tumeishi pamoja siku thelathini na moja. Mwanamume anayekaa hapa anaruhusiwa kumleta mkewe. Mwanamke hawezi kumleta mumewe. Eti mke ndiye wa kufuata. Labda awe na taabu maalumu. Nikawapelekea wa uhamiaji barua ya daktari kuhusu Baba, kwamba hawezi kusafirishwa wala kuachwa. Wakajibu kwamba taabu yangu haitoshi.

Nimekasirika tangu siku hiyo na sijapata wa kumkasirikia.

Jumanne, 12 Februari

Karatasi ya mgombea wa chama tawala imeingia. Mimi namwita Komeo, kwa sababu kila sentensi yake inafunga mlango. Nchi imejaa. Wasiingie wengine, hata familia za waliokwisha kuingia. Anayetaka kurudi kwao alipiwe nauli.

Bwana Dodd alikohoa, akasema hii angeweza kuisoma mtu mwingine. Nikasema nipe. Nimesoma yote kwa sauti yangu ya kazi. Nchi imejaa, nukta. Familia zao, mkato. Hakuinua uso mpaka mwisho. Halafu akanichemshia chai, yeye ambaye huwa hachemshi.

Nilisoma vizuri. Ndilo linaloniudhi.

Jumatano, 13 Februari

Leo mgombea wa upinzani. Huyu ni Mwavuli. Alikuja mwenyewe kiwandani kuleta karatasi, mrefu, mpole, akashika mwavuli wake muda wote kana kwamba ndani kunanyesha. Anasema udhibiti uwepo lakini wa haki, watu wasitengwe kwa rangi. Aya ya nne, mstari wa mwisho: mwanamke anayeishi hapa kihalali awe na haki sawa na mwanamume ya kumleta mwenzi wake.

Nilifika hapo sauti ikakatika. Bwana Dodd akasema, "Rudia, Misisi Salim." Nikarudia. Akaweka alama yake, tukaendelea na aya ya tano, ya bei ya mkate.

Najua vizuri kwamba chama cha Mwavuli ndicho kilichowafungia mlango waume zetu miaka mitano iliyopita. Sasa kinatuletea maua. Hata hivyo nimefurahi. Nimepanda basi mpaka kwetu Balsall Heath nikitabasamu peke yangu, mpaka kondakta akaniuliza kama niko salama.

Jumamosi, 16 Februari

Nimekwenda kwenye mkutano wake, ukumbi wa shule. Nimemwachia Mama Jasbir Baba. Wapo watu arobaini hivi, nusu wetu. Alikuwepo pia mgombea wa tatu, mwalimu aliyekuja na baiskeli, anayetaka milango ifunguliwe kwa kila mwenye pasi ya Uingereza. Watu walimpigia makofi ya huruma. Hatashinda hata mtaani kwake.

Nilimngoja Mwavuli mlangoni. Nikamweleza: Salim, Baba, barua ya daktari. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Akasema atalipigania. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Muda mrefu sijashikwa mkono na mtu anayejua kwa nini kaushika.

Jumatatu, 18 Februari

Nimefanya jambo.

Prufu ya Mwavuli imerudi saa nane na masahihisho yake, na juu kaandika: chapeni, msinirudishie tena. Desturi ni mimi niyataje masahihisho ya mteja, Bwana Dodd ayahamishie kwenye prufu yetu, ndiyo iende kwa mpanga herufi. Kosa la jina la barabara. Nikataja. Nukta ya ziada. Nikataja. Aya ya nne, mstari wa mwisho, umekatwa wote kwa wino wa buluu. Mkono wake mwenyewe. Pembeni kaandika "ondoa". Siku mbili tu baada ya kunishika mkono.

Bwana Dodd alikuwa anangoja, kalamu hewani. Nikasema, "Aya ya tano, mkato baada ya mkate."

Akaandika. Basi. Ilichukua muda wa kuvuta pumzi moja.

Sijuti. Aliliandika mwenyewe, na alisema atalipigania. Nimemwachia maneno yake tu.

Jumanne, 19 Februari

Imechapwa. Nimesikia mtambo siku nzima kupitia ukutani.

Ijumaa, 22 Februari

Imeingia kwenye tundu la barua la nyumba yetu. Mama Jasbir kanifuata ngazini nayo, hajavua hata aproni. Bintiye Jasbir, anayekaa naye hapa, aliolewa Nairobi, na mume naye kazuiwa kama wangu. Hilo nililijua miaka yote na Jumatatu sikulifikiria hata kidogo.

"Zena, wewe soma tena hii, polepole," akasema. "Hii ni promise, siyo? Imeandikwa."

Nikasoma. Akafunika mdomo kwa ncha ya shali. Jasbir amekwisha kwenda posta kupiga telegramu kwa mumewe. Mwanamke wa duka la vitambaa amebandika karatasi dirishani. Kwenye nyumba ya kufulia, anasema, wanawake wanasomeana.

Nilidhani nimemtega mtu mmoja mwongo. Sasa nina mtaa mzima mkononi.

Jumamosi, 23 Februari

Ukumbi ulijaa hadi nje. Wanawake wengi, na sari zao nzuri. Mama Jasbir alikaa mbele na Jasbir. Mimi nilisimama nyuma karibu na mlango.

Kijana mmoja wa Komeo akasimama akamuuliza Mwavuli waziwazi: unataka kuwaletea hawa waume zao, ndiyo au siyo? Mwavuli alitazama karatasi, kisha akawatazama wanaume weupe waliosimama upande wa dirishani. Nikaomba Mungu aseme ndiyo. Niliomba kwa moyo wote. Neno moja tu, tayari lilikwisha kuchapwa kwa jina lake.

Akasema, "Mstari huo ni kosa la mpiga chapa."

Na ni kweli. Hakusema uongo hata kidogo.

Jasbir alikunja karatasi mara nne akaitia mkobani. Mama Jasbir aligeuka kunitafuta, nimweleze neno hilo maana yake nini. Nilitoka nje kabla macho hayajakutana. Nimetembea mpaka Edgbaston kwenye nyumba kubwa zenye miti, nikazunguka, nikarudi. Nina aibu. Namchukia Mwavuli, na najichukia zaidi.

Jumatatu, 25 Februari

Ajenti wa Mwavuli alikuwa ofisini kwa bosi kabla sijavua koti. Prufu mbili zimewekwa mezani, ya wino wa buluu na yetu. Yetu ina sahihi ya Bwana Dodd. Ana miaka sitini na tatu. Bosi alikuwa anamwambia achukue vitu vyake.

Nikaingia bila kubisha. Nikasema niliuona mstari umekatwa nikauruka kusudi. Bosi aliniuliza kwa nini. Nikasema mume wangu yuko Mombasa. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa njia kwa lugha asiyoijua. Nimefukuzwa tangu saa hiyo. Bwana Dodd anabaki.

Nilirudi chumbani kuchukua kikombe changu. Nilidhani atanilaumu, au labda atanishukuru. Alikuwa amekaa, miwani mkononi.

"Macho yangu yalianza kufa mwaka juzi," akasema. "Nimekuwa nikisoma kwa sauti yako."

Nikamwomba radhi. Alivaa miwani, akavuta prufu nyingine karibu na uso, karibu kabisa. Nikafunga mlango.

Nimemweleza na Mama Jasbir. Yote. Ameendelea kumenya vitunguu. Akasema kesho atakaa na Baba kama kawaida, kwa ajili ya Baba.

Alhamisi, 28 Februari

Nimepiga kura. Mvua. Nilisimama kwenye kibanda na penseli iliyofungwa kamba. Komeo angenirudisha. Mwalimu wa baiskeli ni mwema na hana faida. Nikamtia Mwavuli alama, kwa hasira, nikabonyeza mpaka karatasi ikatoboka kidogo. Sijui kama itahesabiwa.

Jumapili, 3 Machi

Mwavuli kashinda kwa kura chache. Nchi nzima hakuna aliyeshinda sawasawa, wanajadiliana nani atawale. Nimechoka na wote.

Nimemwandikia Salim. Kubali shule ya Voi. Usinisubiri. Ukitaka kuoa, oa, mimi sitakuwa na kinyongo. Niliandika mara tatu ili sauti isionekane inalia. Naandika ukweli hapa: nimeyasema hayo nikitaka akatae. Nataka aandike kurasa sita za kukataa.

Baba ameniangalia nikilamba bahasha. Sijui anaelewa kiasi gani. Nilimgeuza upande wa ukutani apumzike.

Jumamosi, 6 Aprili

Barua ya Salim. Kurasa nane. Nzuri, ya heshima, kila neno mahali pake. Amekubali.

Jumatano, 22 Mei

Talaka imefika, imepigwa muhuri wa kadhi. Imeandikwa kwa mkono safi. Nimeisoma mara moja tu, kimoyomoyo.

Nafanya kazi kiwanda cha vifungo sasa, nashona vifungo sita sita kwenye kadi. Mashine zina kelele, hakuna anayesema na mwenzake. Afadhali.

Ijumaa, 28 Juni

Joto. Nimefungua madirisha yote mawili.

Gazeti limeandika ukurasa wa mbele. Serikali mpya, ya chama cha Mwavuli, imeondoa ile sheria. Mwanamke anayekaa hapa anaweza kumleta mumewe, bila kuulizwa taabu yake ni maalumu au vipi. Waziri ametangaza jana bungeni. Mwavuli amehojiwa redioni, anasema ni jambo alilolipigania siku zote. Nilikuwa nakata nyanya. Nikaendelea kukata.

Wiki kumi na saba tangu nimwandikie Salim. Nimehesabu kwenye kalenda ya duka la nyama, kisha nikahesabu tena. Ningenyamaza tu. Ningeacha barua yake mezani bila kuijibu, kama wavivu wote wanavyofanya, leo ningekuwa na mume.

Saa kumi na moja Mama Jasbir akapanda na sahani ya vitamu vya jalebi, na Jasbir nyuma yake. Tangu Februari hakuwa amekaa na mimi, alikuwa akikaa na Baba tu. Leo alikaa. Jasbir alikuwa na fomu ya ubalozi, na maswali yake yamemshinda. Mama yake akasema, "Zena ataandika, Zena anajua maneno yao." Hakunitazama aliposema hivyo, lakini alinisogezea sahani.

Tukakaa mezani watatu. Baba kitandani amegeuzwa upande wetu. Nikauliza, Jasbir akajibu, nikaandika. Jina la mwombaji. Mahali alipozaliwa. Kazi yake, fundi wa saa. Tarehe ya ndoa. Uhusiano wake na anayeishi hapa.

Nikaandika: mume. Nikamwonyesha Jasbir mahali pa kutia sahihi.