Kiondo cha Kuazima: Kumbukumbu ya Cucu Teresia Igoki wa Runyenjes

Mwaka mmoja umezunguka, Cucu, bibi yetu, tangu asubuhi ile ya Januari ulipoweka kikombe chini, ukasema umechoka kidogo, ukaenda kujinyoosha kitandani na hukuamka tena. Tuliuogopa mwaka huu. Tuliiogopa zaidi Krismasi yake. Sasa imepita, na tunakuandikia tukiwa na pumzi ya kutosha, kwa maana jambo uliloliacha mikononi mwetu lilikaribia kutuponyoka, na halikuponyoka.

Bado tunakuona. Ulikunywa chai ikiwa inachemka na kumcheka anayeipuliza. Kila msimu wa ukungu ulivaa sweta ya shule ya mwanao Misheck, yenye beji bado kifuani, na wanawake wenzako pale kituo cha majani chai wakakuita mwanafunzi. Uliwajibu kwamba wewe, angalau, hujafukuzwa kwa sababu ya karo.

Kitambaa cha kichwa ulikifunga fundo moja siku za kawaida, na mafundo mawili siku unapokwenda kusema na mtu. Ulipofunga mafundo mawili, hata kuku walikupisha.

Na viondo vyako. Saba vilining'inia ukutani jikoni, vyote umevisuka mwenyewe, na bado kila Desemba ulitoka kwenda kuazima viondo vya watu. Tulikucheka sana. Misheck alikuwa akisema, "Mama, iko siku utashtakiwa kwa kuficha mali ya kijiji." Nawe ulicheka naye, ukachukua njia.

Mjukuu wako Gatwiri peke yake hakucheka, kwa kuwa ndiye uliyekwenda naye. Kila chuo kilipofunga alitoka kwao Makutano, kule Meru, akaja kukaa nawe hadi mwaka mpya. Unamjua alivyo. Ni msichana anayeweza kuagiza chai hotelini kwa sauti ndogo, akaletewa soda, akainywa asiseme kitu. Alikufuata nyuma kwenye vijia vya mashamba ya kahawa, akakuona ukisimama kwenye lango la mtu na kuomba kiondo kana kwamba huna hata kimoja. Siku chache baadaye alikusaidia kukirudisha, kikiwa na unga, maharagwe, sukari, mafuta ya kupikia, na chini kabisa nguo mpya ya mtoto iliyokunjwa vizuri. Kwetu kiondo cha mtu hakirudi kitupu. Ni adabu tu, na hata mtoto anaijua.

Siku moja alikuuliza kwa nini usiwape watu vitu hivyo waziwazi. Mlikuwa mnatoka kwa Veronicah, yule mama wa juu ya kilima aliyekubaliwa na ofisi ya watoto kuwalea ndugu watatu wasio wa damu yake, Rwamba na wadogo zake wawili. Hana mume, ana ng'ombe mmoja na kipande cha kahawa, na haombi mtu kitu. Ulisimama ukapumua, halafu ukamwambia Gatwiri: "Nikimpa, atakataa. Nikimrudishia kiondo chake, atakikataaje na ni chake?"

Wewe ndiwe uliyekuwa wa kwanza kumwita Mama Rwamba. Kabla yako watu walimwita Veronicah wa wale watoto. Ulimwita hivyo siku moja sokoni, kwa sauti kubwa, mbele ya wauza ndizi wote, na tangu hapo jina likashika.

Desemba hii mwanao Misheck alitaka kukuenzi. Usimkasirikie, Cucu. Alilia mwaka mzima kwa njia yake, yaani kwa kufanya kazi kupita kiasi. Alizungumza na wafanyabiashara wenzake wa Makutano, na Samsam mwenye duka la nguo jirani naye akatoa nguo za watoto bila kuulizwa mara mbili. Lori likajaa. Likaja hadi kanisani Runyenjes, likiwa na bango lenye picha yako, ile ambayo hukuipenda kwa sababu macho umeyafumba.

Gatwiri alijaribu. Alimfuata baba yake nyuma ya lori akamwambia kwamba Cucu hakufanya hivi. Misheck alikuwa na simu sikioni. Alimshika bega kwa upole akasema, "Cucu alikuwa na mikono miwili tu, mama. Mimi nina lori."

Basi majina yakasomwa kwa kipaza sauti. Msomaji, kijana mwenye nia njema na ulimi mwepesi, alipofika kwa Veronicah alitangaza kuwa sasa anakuja mama wa mayatima, apigiwe makofi. Watoto watatu wakasimamishwa mbele, kila mmoja akapewa pakiti ya unga ashike kifuani, wakapigwa picha. Rwamba ana miaka kumi na miwili sasa, na ni mrefu kuliko ulivyomwacha. Hakutabasamu. Kabla ibada haijaisha picha ilikuwa imefika kwenye simu za watu wote wa kanisa.

Siku ya soko iliyofuata, Veronicah alikuwa akipima maziwa, Rwamba kando yake, mwanamke mmoja akasema kwa kicheko kwamba wengine hufuga kuku wa broila, na wengine hufuga watoto, wakinona lori linakuja. Waliokuwepo walicheka kidogo, kama watu wanavyocheka wasipojua la kufanya.

Rwamba alirudi nyumbani akasema hatakula kile chakula. Kesho yake asubuhi boda boda ilisimama mlangoni pa kanisa na kushusha kila kitu, unga, mafuta, mchele na nguo, hakuna hata pakiti iliyofunguliwa. Na Veronicah akamwambia katekista maneno yaliyotufikia kabla ya jua kutua. Alisema Krismasi ikipita atakwenda Embu, ofisi ya watoto, awaombe wawatafutie watoto kwingine. Hataki waitwe kuku kwa sababu yake.

Cucu, hapo ndipo tulipokuhitaji. Kila mtu hapa alijua maana yake. Nyumba ya kuchukua ndugu watatu kwa pamoja haipatikani. Mmoja angekwenda huku, mwingine kule, na yule mdogo, ambaye bado hushika sketi ya Rwamba akilala, angeamka mahali asipopajua. Yote hayo kwa sababu ya wema wetu.

Misheck alikaa kwenye kiti chako jikoni na kofia mkononi. Alisema atapanda kilimani na kuomba msamaha, na apeleke vitu mara mbili ya vile. Halafu akajisikia mwenyewe alichosema.

Asubuhi ya siku ya pili kabla ya Krismasi, Gatwiri alitoka chumbani amefunga kitambaa chako kichwani. Mafundo mawili. Hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi.

Alimkuta Veronicah akianua kahawa yake iliyokuwa ikikauka, maana wingu lilikuwa limeanza kuwa zito. Rwamba alikuwa kizingitini akimchana mdogo wake nywele. Njia nzima Gatwiri alikuwa amepanga maneno ya msamaha, mazuri na marefu, na lango lilipofunguliwa yote yakamtoka. Likabaki moja tu.

"Mama Rwamba," alisema, "nimekuja kuazima kiondo."

Veronicah aliendelea kukusanya kahawa. Aliuliza, bila kuinua kichwa, kiondo cha nini, na ukutani kwa Cucu wake kuna viondo kama duka.

 Gatwiri alisema tu kwamba Cucu alikuwa akiazima cha hapa.

Hapo Veronicah akanyooka. Alimtazama kutoka kitambaa hadi viatu, halafu akacheka, kicheko kidogo kilichotoka puani. "Kwani ulidhani sikujua? Mtu mwenye viondo saba anapanda kilima hiki kuja kuomba changu kilichokatika mkanda? Nilijua tangu mwaka wa kwanza. Nani hakujua? Ni ninyi tu kwenu mliokuwa mkimcheka."

Gatwiri aliuliza, kwa ile sauti yake ya chai na soda, kwa nini basi alikuwa akikubali.

Veronicah alifuta mikono kwenye leso. "Kwa sababu alikuja kwangu kuomba. Mbele ya watoto wangu. Watoto waliniona mimi ndiye mwenye kitu, na Teresia ndiye aliyekosa. Vya ndani ya kiondo vilikuja baadaye. Wewe unafikiri alikuwa ananiletea unga?"

Manyunyu yalianza. Gatwiri aliinama wakakusanya kahawa pamoja, haraka haraka, na Rwamba akaja kushika gunia. Hakuna aliyetaja lori. Walipomaliza, Rwamba aliingia ndani bila kutumwa, akatoka na kile kiondo cha mkanda uliofungwa kwa kamba ya katani. Alimtazama mama yake kwanza. Veronicah akatikisa kichwa kukubali, kisha akamwambia Gatwiri akilete kabla ya sikukuu, kwa maana wanakihitaji.

Wanakihitaji. Gatwiri alishuka kilima akilirudia neno hilo, mvua ikimnyeshea na asiione.

Jikoni mwako kulizuka ugomvi mdogo ambao ungeufurahia. Misheck alitaka kutia mchele, na biskuti, na galoni la mafuta, na Gatwiri akawa anavitoa kimoja kimoja na kuviweka mezani. Baba na binti, kimya kimya, huyu anatia, huyu anatoa. Mwishowe vikabaki vilivyotosha kwa adabu: unga, maharagwe, sukari, mafuta ya chupa ndogo, na chini kabisa nguo tatu za Samsam. Mkanda hatukuugusa. Kiondo kinarudi kwa mwenyewe kama kilivyotoka.

Misheck ndiye aliyekipeleka. Alikitundika begani kwa namna ya mtu asiyewahi kubeba kiondo, kikampiga kiunoni njia nzima, na wanawake waliokuwa wakichuma chai walimpigia vigelegele wakamuuliza ameolewa lini. Alifika, akakitoa kwa mikono miwili, akasema, "Mama Rwamba, asante kwa kiondo." Basi. Mwanao, ambaye hawezi kufunga mkutano wa watu watatu bila hotuba, aliishia hapo. Veronicah alimjibu kwamba hakuna shida, na akitaka tena aje, ila ajifunze kukibeba. Yule mdogo alikuwa ameshaingiza mkono ndani kuona kuna nini.

Jioni hiyo hiyo Misheck aliwaomba watu wa kanisa waifute ile picha kwenye simu zao, na akawaeleza kwamba kosa ni lake. Bango lako amelikunja. Sasa linafunika kuni zisinyeshewe, na tunadhani ungelipenda zaidi hapo.

Januari ikaingia. Tulikuwa tukisikiliza kila pikipiki inayopanda kilimani. Shule zilipofunguliwa, tukawaona wote watatu wakishuka pamoja, Rwamba mbele, sare zimepigwa pasi, na yule mdogo akikimbia ili asiachwe. Veronicah hakwenda Embu. Gatwiri aliwatazama hadi walipopinda kona, kisha akaketi kwenye ngazi ya jikoni akalia kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Alisema hakuwa na huzuni. 

Tulimuuliza Veronicah kama tunaweza kumtaja katika kumbukumbu hii. Alisema tumtaje, maana hana la kuficha, mradi hakuna picha.

Na kuna jambo la mwisho, Cucu, ndilo hasa tulilotaka ulijue. Juzi alikuja mwenyewe. Alisimama mlangoni pako, watoto watatu nyuma yake, kitambaa chake kimefungwa mafundo mawili. Anajua siku hizi ni nzito kwetu. Hakutupa pole. Alisema, "Nimekuja kuazima kiondo."

Tulimkaribisha achague. Alichagua kile chako cha zamani, ambacho mkanda wake umekuwa mweusi kwa jasho la kipaji cha uso wako. Alikivaa palepale, mkanda kichwani kama ulivyokuwa ukivaa, akatuaga. Sasa ukutani vimebaki sita na msumari mmoja mtupu. Tulidhani msumari huo ungetuuma. Kila anayeingia jikoni huutazama, akacheka peke yake.

Ibada ya kukukumbuka itakuwa nyumbani kwako Jumamosi hii, kuanzia saa nne asubuhi. Hakutakuwa na kipaza sauti. Chai itakuwepo, ya moto, na asiyeiweza aipulize, tumemruhusu. Tunawaomba majirani wasijisumbue kuleta kitu chochote. Ila mwenye kiondo aje nacho, hata kama mkanda umekatika. Tungependa kukiazima.

Tunaokukumbuka: wanao Misheck na Muthamia, mkazamwana wako, Mama Gatwiri, wajukuu wako, Gatwiri na wenzake wote wa Runyenjes na Makutano, na jirani zako wa kilimani, Mama Rwamba, Rwamba na wadogo zake, ambao wameomba waandikwe hapa pamoja na jamaa.

Lala salama, Cucu. Kila Desemba tutakuwa malangoni pa watu tukiomba, na kila tuombapo tutakuwa nawe.