Fukusi Wamepaka Poda

Nyamusi, ardhi inimeze leo 😭

Unakumbuka ule udongo mweupe wa shamba la mama mkwe huku Siongiroi? Ule nilimwambia ni diatomaiti safi, ile poda ya silika inayokausha wadudu, tuchanganye na mahindi fukusi wote wakauke? Mimi! Mwalimu wa kemia!

Leo tumefungua gunia. Fukusi wako hai. WAZIMA kabisa! Wamepakwa poda na wanatembea tu.

Nikatupa bonge la ule udongo kwa moto. Likatoka jekundu kama tofali, na diatomaiti safi ingebaki nyeupe! Silika iko, lakini udongo umejaa ule wa mfinyanzi na chuma. Jaribio la kitoto, na sikulifanya kabla ya kufungua mdomo.

Mama mkwe hata hakukasirika. Aliinamia gunia, akaniuliza polepole, "Mwalimu, hawa wanaenda harusi ya nani?"