Kinu cha Rahmah

Nalufenya, Jinja
14 Septemba 2025
Asubuhi: mawingu, manyunyu mepesi, hakuna upepo.

Mpendwa Dada Kulusumu,

Assalaam alaikum. Unanijua, hata barua naianza kwa hali ya hewa kama shajara yangu. Magoti yako yanaendeleaje na joto la Mombasa? Na shemeji, macho yake yamepata nafuu baada ya upasuaji? Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila uchovu. Nimechoka kuwa daraja kati ya kaka yetu na binti yake. Daraja hukanyagwa na wa pande zote mbili.

Ulisema utampigia Mutwalibu umkaripie kwa kumfungia Rahmah mlango. Kabla hujapiga, soma haya ya jana.

Tangu Rahmah avikwe taji la urembo mwezi Februari, baba yake hajamruhusu kukanyaga kwake Busiu. Kosa la kwanza lilikuwa gauni. La pili ni nyuklia. Warembo wenzake walichagua kutetea yatima au usafi; wetu, kwa kuwa alisoma fizikia, akachagua umeme wa nyuklia. Watu wanamwita Bibi Bomu. Mbele yao hucheka, akirudi kwangu hata chai hanywi.

Jana alipangiwa kuzungumza sokoni Busiu, nami nikamsindikiza. Matangazo ya kipaza sauti alipewa bwana mmoja wa Mbale mjini, Wanyera. Aliambiwa aseme "kinu cha nyuklia". Neno la mwisho likamshinda: nyukria, nyukulila, basi akaliacha. Akatangaza kwamba mrembo kutoka Jinja analeta kinu kikubwa cha umeme, kisicholala usiku wala mchana.

Dada, watu walikuja na mahindi! Mabeseni, madebe, magunia juu ya baiskeli. Umeme ulikuwa umekatika tangu Alhamisi, mashine ya kusaga ya kaka yetu iko kimya, kwa hiyo kila aliyeishiwa unga alikuwa pale. Rahmah akaeleza habari za atomu. Wakamsikiliza kwa adabu, wakidhani anaeleza mashine. Kisha mama mmoja akasimama na beseni lake.

"Mwanangu, tumesikia. Sasa kinu kiko wapi?"

"Mama, bado hakijajengwa. Labda miaka kumi, kumi na mitano..."

"Miaka kumi! Na leo watoto wale nini, atomu?"

Soko zima likacheka. Mwingine akadakia, "Tusagie na hilo taji lako, lina meno!"

Rahmah akabaki amesimama, macho yamejaa. Ndipo nikamwona Mutwalibu kule nyuma, mikono kiunoni, kanzu ina unga. Alikuwa ameambiwa kwamba bintiye mwenyewe anakuja kufungua mashine ya kumnyang'anya wateja. Nikasema moyoni, leo tumekwisha.

Akapenya hadi mbele.

"Hicho kinu chako," akamwuliza, "umeme ukikatika, nacho kinazima?"

"Baba, hicho ndicho kinachotoa umeme."

"Kwa kuni gani?"

"Madini. Ukikijaza, kinaenda mwaka mzima na zaidi."

Tangu Februari alikuwa hajamwuliza mtoto huyu swali lolote. Kisha akawageukia watu.

"Kinu cha binti yangu hakijafika. Changu kipo. Wekeni mahindi kwangu, umeme ukirudi nitasaga. Na mtu asimcheke tena."

Hakutukaribisha ndani. Nilimsalimia, akaitikia kwa kichwa tu. Lakini tulipokwisha kupanda gari, alikuja na mfuko wa unga, akauweka miguuni pa Rahmah, akaenda zake.

Kwa hiyo, dada, nakuomba usimkaripie. Wewe ni mkubwa wetu, atakuitikia "ndiyo" kisha atakaza moyo. Ukishindwa kabisa kujizuia, mpigie umwulize bei ya mahindi. Mwenyewe ataifikia habari ya Rahmah.

Nisalimie shemeji, na Ibra, na Kadija na wanawe. Mwanangu Ramlah yuko nami hapa, anakuamkia shikamoo. Mola akupe magoti ya kukuleta kwetu Idi ijayo, utukute sote kwenye sinia moja.

Mdogo wako akupendaye na aliyechoka,
Halimah

Nyongeza: Leo Rahmah amesonga ugali wa unga ule kwa mkono wake, akala hadi akakwangua sufuria. Kisha akajinyoosha kwenye mkeka, hata taulo la jikoni hajalitoa begani. Wiki nzima nilikuwa nikimsikia akigeuka-geuka. Amepata usingizi saa nane na robo mchana.