Mwamba wa Paya Una Maji

Paya, Tororo
Jumapili, 9 Machi 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta goti limepoa na Mama bado anakuficha sukari. Mimi na Edwin tu wazima, tunakula na kulala vizuri. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu, kila nikitaja visima, unaniuliza kama huku mvua imenyesha. Barua huwezi kuibadilishia mazungumzo.

Baba, kazi yangu ya kupima visima imenileta Paya. Ndiyo, Paya ile ile. Kisima ulichochimba miaka kumi na mitano iliyopita bado kipo. Nilikikuta kimefungwa kwa kifuniko cha chuma, watu wakifungia mbuzi hapo.

Sikufika kwa bahati. Mwezi wa kwanza nilikuwa napanga mafaili ya zamani ofisini, nikakuta fomu yenye mwandiko wako. Juu, mkubwa wako aliandika: kikavu. Chini, kwa kalamu yako: "Mwamba una unyevu. Naomba siku mbili." Hukuwahi kutuambia kwamba uliomba. Sisi nyumbani tulijua tu kwamba watu wa Paya walikuwa wamechinja fahali wakingoja maji, mtambo wa kuchimba ukatoa vumbi tupu, wakakuzomea mpaka lori likafika lami, nawe ukarudi Busia ukafungua duka la misumari.

Nikamwomba mwenzangu Allan tuje kuangalia. Tulipong'oa kifuniko na kushusha kipimo cha waya, kililia kugusa maji kwenye mita ya kumi na moja. Allan akadhani waya umeharibika, tukashusha tena. Kumi na moja. Lakini maji yaliyokaa miaka yote hiyo hayathibitishi kitu, kwa hiyo tukaweka pampu tuyatoe yote. Haikufika saa moja, pampu ikaanza kuvuta hewa. Watu waliokuwa wamekusanyika wakaondoka wakinung'unika kwamba ni yale yale.

Alibaki mama mmoja, Acom, ambaye boma lake linapakana na kisima. Akaniuliza, "Imeisha?" Nikamwomba asubiri nami. Nikamweleza kwamba mwamba wa hapa si mchanga, nyufa zake ni nyembamba kama unywele, na maji hayakimbii ndani yake bali yanajipenyeza, kama chungu kipya kinavyotoa jasho kwa nje. Mtambo ukipuliza hewa shimoni siku moja na kuondoka, hauoni kitu. Baada ya saa moja nilishusha kipimo: maji yamepanda mita tano. Saa ya pili, karibu mita tano nyingine. Acom alikuwa anahesabu nami kwa Kiteso, akisahau sufuria yake motoni.

Tulipima siku nne. Allan akapiga hesabu kwamba kisima hakiwezi kuvutwa kwa pupa, ila pampu ndogo ya sola ikivuta taratibu hadi kwenye tangi, kijiji kitapata karibu mitungi mia kwa siku. Acom akazunguka nyumba kwa nyumba akiwaambia, "Maji iko. Iko polepole tu." Ofisi ikakubali na kuleta pampu, na Alhamisi tukafungua bomba. Baba, ungewaona! Wanawake walicheza na mitungi kichwani, mchungaji wa kanisa akalowa suruali, Allan akabebwa mabegani.

Sasa kuna jambo ninaloona haya kuliandika. Nilipofika nilijitambulisha kama Metrine Mangeni, kwa jina la ndoa, la Edwin. Siku ya kwanza Acom aliniuliza kama huko Busia namfahamu yule Patroba aliyewachimbia kisima kikavu. Nikasema simjui. Mwenyekiti wa kijiji akaniuliza vilevile, nikajibu vilevile. Niliogopa watatufukuza kabla hatujapima. Hata maji yalipopanda, bado nilinyamaza.

Alhamisi mwenyekiti alinisimamisha anishukuru. Nikatoa ile fomu. Nikasema, "Aliyeyaona maji haya kwanza ni Patroba. Aliomba siku mbili akanyimwa. Ni baba yangu, na niliposema simjui niliwadanganya."

Acom akaniomba nisome tena maneno yako. Nikasoma. Kisha akasema, "Tulimzomea mtu aliyekuwa anatuombea." Akanikumbatia, na watu wakapiga vigelegele vingi kuliko walivyopigia maji.

Acom anataka uje. Hataki sherehe, anataka tu uketi naye unywe glasi moja. Nisamehe kwa kukukana, Baba. Edwin atakuwa mpakani Malaba Jumamosi saa tatu asubuhi akikungoja. Usipokuja nitaelewa, lakini atangoja hadi saa sita.

Mkumbatie Mama kwa niaba yangu, mwambie Becky watoto wake nimewawekea karanga za huku, na majirani wote wajue tunawakumbuka. Mungu awatunze mpaka tuonane.

Ni mimi mwanao,
Metrine Patroba