Kalamini ya Jirani

Mama Neema mpenzi,

Salamu nyingi kwako na watoto huko Shinyanga. Barua yako imenifikia hapa Buzuruga kwa shangazi. Viroboto waliowauma umewapa mstari mmoja tu, lakini jirani yetu wa duka la dawa umemjazia ukurasa mzima. Eti mikono yake ni laini! Mimi nilimwomba awaletee kalamini, ile dawa ya kutuliza mwasho, sikumwomba awapake.

Huku nako viroboto wapo, maana mbuzi wa shangazi wanalala ndani. Jana nilijikuna mpaka damu ikatoka. Shangazi akaniosha miguu kwa sabuni na maji baridi, akanipaka utomvu wa shubiri, halafu akanikata kucha zote kama mtoto.

"Ukijikuna tena utapata vidonda," akasema. "Na mkeo huko, anapakwa na nani?"

Baada ya swali hilo, hata samaki sato aliyenikaangia sikummaliza.

Fua mablanketi kwa maji ya moto, uyaanike juani. Nawapenda sana. Jumamosi nakuja na basi la asubuhi, na chupa ya kalamini nimeshanunua. Ya jirani mrudishie, hata kama imebaki nusu.

Mumeo,
Baba Neema